Waliniombea Radhi Kabla ya Kuniuliza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, nikiwa na wajukuu na mvi kichwa kizima, huacha ninachokifanya nikakaa kwanza. Niliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya zahanati niliyokuwa nikiifanyia kazi, na huko barazani watu wazima wanne walikuwa wakizungumza habari yangu. Niliona kofia zao. Sikusikia neno. Walipoinuka nilikuwa sina kazi, na nilikuwa nimepewa jina ambalo sikuzaliwa nalo.

Nitakusimulia polepole, maana wewe nawe umeshapewa watu wa kuwasimamia. Pengine ni shule, pengine duka la pembejeo hapa Nachingwea, pengine ni kazi za migodini kule Ruangwa zinazowavuta vijana wengi siku hizi. Siku moja utaletewa habari kwamba mtu wako ameharibu. Utakasirika, na huenda hasira yako ikawa na sababu. Ndiyo siku ninayokuandikia.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, dereva wa gari la wagonjwa. Zahanati ilikuwa ya mtu binafsi, upande wa Ruponda. Mwenyewe aliishi mbali, na aliyeiendesha ni msimamizi wake, Bwana Chitanda. Nisimseme vibaya marehemu. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole, na alimjua kila mtu wa pale kwa jina la mama yake. Gari lilikuwa hilo hilo moja, kuukuu. Lisipokuwapo, mgonjwa wa kupelekwa hospitali Nachingwea alingoja lori la mtu, au alifungwa kwenye baiskeli akasukumwa.

Ulikuwa wakati wa mvua. Asubuhi Bwana Chitanda aliniagiza nimpeleke Ruangwa mzee mmoja aliyevunjika mguu, kwa kuwa watoto wake walikuwa huko na ndio wangemuuguza. Nilimfikisha salama, alhamdulillahi. Nilipogeuza kurudi, sijatoka hata mjini, karibu na soko, mkanda wa feni ukakatika na gari likachemka. Fundi alikuwapo nyuma ya soko, ila mkanda wa kipimo kile hakuwa nao, akaanza kuutafuta duka hadi duka.

Nikapiga simu zahanati nieleze. Iliita mpaka ikakatika. Nikarudia, ikaita tena. Nikasema moyoni kwamba wenzangu wana wagonjwa, nitapiga baadaye, na hiyo baadaye ilipofika simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Hapo nina sehemu yangu, na tangu siku niliyopewa nafasi ya kusema sikuificha. Ningeweza kumtafuta mtu mwingine wa Ruponda mwenye simu, nikampa ujumbe. Sikumtafuta.

Nikiwa namsubiri fundi, nilijaza viroba viwili mchanga. Madereva wa njia zile tulikuwa tukifanya hivyo wakati wa mvua. Gari likiwa tupu nyuma, kwenye tope linatupa mkia huku na huku mpaka linaingia mtaroni, lakini ukiweka uzito linashika barabara. Nilivipakia, nikavifunga, nikavifunika turubai. Mchuuzi mmoja wa kwetu aliyekuwa pale sokoni aliniona nikipakia. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Saa hizo hizo, kule Ruponda, mwanamke kijana aitwaye Hadija aliletwa zahanati akiwa na uchungu uliokwama. Nesi Skolastika, aliyekuwa zamu, aliona mara moja kwamba kazi ile si ya pale, inataka hospitali. Gari halikuwapo. Mume wa Hadija akakimbia huku na huku kutafuta chombo. Alipopata lori lililokuwa likishusha saruji, mchana ulikuwa umeshakwenda. Hadija alifia njiani, na mtoto akiwa bado tumboni.

Mimi niliingia Ruponda jua linazama. Kilio nilikisikia kabla sijazima injini.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana wewe umekulia mjini na huenda hukulikuta. Kwetu Wamwera, kama ilivyo kwa jirani zetu Wayao na Wamakua, mtoto ana mjomba wake. Wangu alikuwa Mjomba Ausi, kaka wa mama, ndiye aliyenitia jando na kuniozesha. Kikitokea kifo na jina la mtoto wako likatajwa, mjomba hangoji. Anachukua kuku na unga, anakwenda msibani, anakaa chini na kusema, "Tumekosa, tunaomba radhi." Maneno hayo si kukiri. Ni ya kufungua mlango tu, ili watu wa pande mbili waweze kupikiana na kuzikana. Husemwa hata pale ambapo hakuna anayejua kilichotokea, na kila aliyekulia kwetu anaelewa hivyo. Namshukuru Mungu kwa desturi hiyo. Imezuia mapanga mengi.

Mjomba Ausi alikwenda msibani mara tu baada ya swala ya alfajiri. Alipofika kwangu alikuwa ameshasema.

Na yule mchuuzi wa sokoni naye alikuwa amesharudi kijijini. Hakusema uongo. Alisema tu kwamba aliliona gari la wagonjwa Ruangwa sokoni, na Bakari anapakia viroba. Waliopokea habari yake ndio walioujaza utupu. Kufika adhuhuri, mchanga ulikuwa mbaazi. Kufika alasiri nilikuwa mfanyabiashara wa mbaazi na ufuta niliyemwacha mwanamke afe kwa sababu ya mzigo wangu.

Hadija alipokwisha kuzikwa na matanga kuondolewa, Bwana Chitanda aliita kikao. Hakuniita mimi, alimwita mjomba wangu. Mwanangu, alifanya hivyo kwa heshima kabisa. Kwake yeye, kumhoji kijana mbele ya wazee ni kumvunjia uso, na kumhoji bila mjomba wake ni kuidharau nyumba yake. Basi akaketi yeye, Mjomba Ausi na wazee wawili wa pale mtaani, na mimi nikaonyeshwa ile ndoo kule nyuma.

Hawakukaa sana. Chai waliyoletewa haikuwa imepoa. Mjomba alikuja kwangu akipangusa macho, lakini uso wake ulikuwa na nafuu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Yamekwisha," aliniambia. "Nimekumalizia. Polisi hupelekwi."

"Yamekwishaje, mjomba?"

"Nimeomba radhi, wamepokea."

"Wameniuliza nini?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Wakuulize nini, na mimi nipo?"

Bwana Chitanda akanikabidhi barua fupi. Ilisema kwamba nimetumia gari la wagonjwa kwa biashara yangu, kwamba nimekiri kosa kupitia mzee wangu, na kwamba kazi yangu imekoma siku ile ile. Niliisoma nimesimama. Nikamwambia kwa adabu kwamba sikukiri, kwa kuwa sikuulizwa. Hakukasirika. Aliniwekea mkono begani.

"Bakari, mzee wako ameyamaliza vizuri," alisema. "Usiyafumue."

Hebu tulia hapa kidogo, uangalie. Aliyenituma Ruangwa ni yeye. Aliyepokea maneno ya sokoni ni yeye. Aliyenishitaki ni yeye, aliyehukumu ni yeye, na mkono ulioandika barua ni wake. Mchuuzi hakuitwa. Nesi aliyekuwa zamu hakuitwa. Gari lilikuwa limesimama pale pale uwanjani mbele ya baraza, na viroba vyangu bado vimo nyuma chini ya turubai. Hakuna aliyeinuka kwenda kulifunua.

Nilirudi nyumbani, na nyumbani ndiko nilikokutana na adhabu yenyewe. Kukosa kazi nilikuweza, maana jembe lilikuwapo. Jina ndilo sikuliweza. Kwenye kahawa walikuwa wananiona natokea mbali, wanasubiri nikae.

"Dereva, mbaazi Ruangwa zimeamkaje leo?" angeuliza mmoja, na wenzake wangechekea ndani ya vikombe.

Mtani wangu mmoja, ambaye kwa utani wetu ana haki ya kuniambia lolote hata mbele ya jeneza, alisema siku moja, "Jamani mwacheni mtu wa watu. Ila ninyi msipande gari lake, mtashushwa sokoni mpimwe kilo." Nilitakiwa nimjibu, ndivyo utani ulivyo. Nilikunywa kahawa yangu. Naye alipoona sijibu akainama kutafuta kiatu chake ambacho hakikupotea.

Mke wangu, Fatu, alipokwenda kisimani wenzake walimwachia nafasi ateke kwanza. Ukisikia hivyo utadhani ni heshima. Walimwachia ili aondoke, wao wabaki na mazungumzo yao. Mtoto wangu wa kwanza alirudi shuleni mdomo umevimba, na hakutaka kusema walichomwambia. Msikitini nilianza kuswali safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Nilimwomba Mola wangu subira, na alinipa, lakini ilikuja kwa vijiko, siyo kwa ndoo.

Arobaini ya Hadija ilipofika, mama yake, Bi Somoe, alikuja tena kutoka Mkotokuyana. Alikuwa mjane, mkulima, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti. Khitma ilipokwisha na wanawake wanaosha sufuria, akamtuma mtu kuja kuniita. Fatu alishika mlango akaniambia nisiende, watanipiga. Mjomba Ausi akasema siendi peke yangu. Tukaenda wawili.

Tulimkuta Bi Somoe amekaa mkekani. Akatukaribisha, akatupa maji. Kisha akaniambia maneno haya, na nitayabeba hadi kaburini.

"Baba, nimekuita unieleze. Kila mtu ananiambia wewe ndiye uliyemuua mwanangu. Nimewauliza wote, huyo dereva alikuwa wapi, kafanya nini? Sijampata hata mmoja anayejua."

Mjomba akawahi, kama ilivyo desturi. "Dada yangu, sisi tulishasema tumekosa, na tena leo..."

"Kaka," alisema Bi Somoe, "nakuheshimu. Kuku wako nilimpokea na radhi yako nilipokea. Lakini nyamaza kidogo. Wewe hukuwamo kwenye gari."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitaka niseme mwenyewe. Nikamweleza yote, tangu mzee wa mguu hadi mkanda wa feni. Nikamweleza na lile nililokosa, kwamba sikutafuta njia nyingine ya kuleta habari. Nilipofika kwenye viroba alinikatiza.

"Mchanga?"

"Mchanga, mama. Vipo hadi leo, dereva mpya anavitumia."

Mjomba Ausi aligeuka akaniangalia. Hakuwa akijua. Mwanangu, mtu aliyeniombea radhi mara mbili, msibani na barazani, hakuwa akijua nilichobeba, kwa sababu naye hakuniuliza.

Bi Somoe alirudi kwenye jambo jingine. "Unasema ulipiga simu ikaita."

"Iliita, mama. Mara ya kwanza mpaka ikakatika, na ya pili vile vile."

Akasema kesho twende wote zahanati.

Tulikwenda. Bwana Chitanda alimpokea Bi Somoe kwa upole wake ule ule, akamletea kiti, akampa pole upya. Bi Somoe alikaa, akakunja mikono mapajani.

"Mlimfukuza dereva," alisema. "Haya. Sasa niambie mwanangu alikufaje."

Bwana Chitanda akaanza kumweleza kwamba ni amri ya Mungu, na pia uzembe wa dereva, na kwamba dereva mwenyewe alikiri.

"Alikiri kwa nani?"

"Kwa mzee wake."

"Mzee wake alikuja hata kwangu. Ile ni radhi ya msiba, Bwana Chitanda, hata wewe unaijua. Mimi nimezika. Sikuomba nitafutiwe mtu wa kumlaumu, nimeomba kujua. Huyu anasema alipiga simu hapa. Simu ilikuwa wapi?"

Aliyejibu ni Nesi Skolastika, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la sindano mkononi.

"Ilikuwa kwenye droo, mama. Tuliisikia ikiita."

Jambo lenyewe ndilo hili. Wiki chache kabla, Bwana Chitanda aliona wafanyakazi wanatumia simu ya zahanati kwa mambo yao, akaamua kwamba akitoka ataifungia mezani kwake. Siku ile alikuwa na kikao Nachingwea, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Simu za mkononi wakati ule hazikuwa kwa kila mtu. Nesi hakuwa nayo, na Hadija alipoletwa hakukuwa na mwenye nayo pale zahanati. Kama simu ingepokelewa, wangejua kwamba gari limeharibika, na wangeiomba hospitali iwaletee la kwao. Kama isingepokelewa lakini ikawa mezani, bado nesi angeweza kupiga. Pengine Hadija angepona. Pengine asingepona. Hilo Mungu analijua.

"Mlisikia inaita," alisema Bi Somoe, "na mwanangu yuko humu ndani."

"Nilijaribu kuifungua kwa kisu cha jikoni, mama. Ile droo ni ya chuma." Nesi Skolastika aliweka sinia chini. "Hakuna aliyeniuliza. Nilingoja niulizwe. Nikaona barua imeshatoka, nikaogopa itafuata yangu."

Bi Somoe alisimama. Bado hakupaza sauti.

"Mlipomtoa huyu bila kumuuliza, mimi ndiye mliyenifungia mlango," alisema. "Ningekufa namlaani mtu ambaye gari lake liliharibika. Na ninyi mngeendelea kufunga simu."

Nilimwangalia Bwana Chitanda. Sikuona mtu aliyekamatwa. Niliona mtu ambaye kwa mara ya kwanza anaiangalia siku ile yote, kutoka asubuhi hadi jioni, na anajiona ndani yake. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya meza. Kuanzia siku hiyo ile simu ilikaa kwenye meza ya nesi, usiku na mchana. Hilo ndilo jema pekee lililotoka katika jambo lile, na alilileta mama aliyefiwa, si kikao cha wazee.

Kazi sikurudishiwa. Mwenye zahanati alijibu kutoka huko aliko kwamba dereva mwingine ameshaajiriwa na barua ikitoka imetoka. Karani mmoja wa Nachingwea ndiye aliyenieleza kwamba ipo tume ya serikali inayosuluhisha migogoro ya kazi, na kwamba mtu akiachishwa isivyo haki hupewa siku thelathini kupeleka lalamiko. Siku hizo zilikuwa zimeshapita wakati mimi nimekaa kwangu, nikiamini yamekwisha kwa sababu mjomba alisema yamekwisha. Niliandika kuomba wanipokee hivyo hivyo nilivyochelewa. Walinisikiliza kwa makini, sina la kuwalaumu, lakini sababu yangu haikuwatosha.

Siku ile tuliporudi kutoka zahanati, Mjomba Ausi alitembea nyuma yangu njia nzima, jambo ambalo mjomba hafanyi. Tulipokaribia nyumbani aliniita jina.

"Bakari. Nimekuombea radhi ya jambo nisilolijua."

Nikamwambia nimesamehe. Na kweli nilisamehe, kwa kuwa alikuwa anapigania nisifungwe, na hakujua njia nyingine ya kunipenda. Lakini alizeeka haraka baada ya hapo. Kesi za familia alizokuwa akiitiwa alianza kuzikataa. Alikufa akiwa bado hajajisamehe mwenyewe, na nilipokuwa nikimshusha kaburini nilimwomba Mungu amsamehe yeye aliyeshindwa kujisamehe.

Jina nalo halikufutika. Maneno ya kikao cha barazani yalifika Nambambo na kwingineko kwa siku moja. Maneno ya Bi Somoe hayakufika popote. Hata mwaka huu, kwenye harusi, nimesikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mzee wa kofia ndiye dereva wa mbaazi. Nilikula wali wangu nikamshukuru Mungu, kwa sababu wanafunzi wangu wa madrasa ninayofundisha siku hizi, waliokuwa meza ya pili, hawakusikia.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Mtu wako akidaiwa kukosa, mwambie kosa lenyewe kwa maneno yanayoeleweka, tena kwa maandishi, na kama kusoma kwake ni kwa shida mkae umsomee. Usimwambie tu kwamba ameharibu. Mwambie siku, mwambie kitu, mwambie nani amesema. Kisha mwache aende akafikiri. Sheria ya nchi yetu inataka apewe muda wa kutosha wa kujiandaa, na mtu mwenye hofu anahitaji muda huo kuliko mwenye furaha. Ukiona kumwacha kazini siku hizo ni hatari, msimamishe na umlipe, lakini usimhukumu kwa kumsimamisha.

Siku ya kikao aje yeye. Aje na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama chake cha wafanyakazi akae naye, amsaidie kusema. Wa kumsaidia, nasema, asiwe wa kusema badala yake. Mjomba, mchungaji, shehe, mume, wote wana heshima zao, na ukitaka wakae nje wakingoja wape viti na chai. Lakini anayejua alichofanya ni mmoja. Na mtu akikuambia "nisamehe," usiikimbilie hiyo radhi kama mlevi aliyeona pombe. Kwetu watu huomba radhi kwa kifo, kwa ugeni, kwa kupita mbele yako. Muulize anaomba radhi ya nini, ungoje aseme.

Wewe mwenyewe, kama jambo limegusa mkono wako, usikae kiti cha kuamua. Tafuta mwingine mwenye akili ambaye hana lake pale. Hili ni gumu, najua, hasa ofisi ndogo ambazo bosi ndiye kila kitu. Bwana Chitanda hakuwa mwovu. Alikaa tu mahali ambapo hakuweza kujiona. Waite waliokuwapo, hata wale wadogo wasiozoea kusema, uwaulize bila kuwatisha, na mshitakiwa naye awaulize. Kama kuna turubai, inuka ukalifunue.

Ukishasikiliza yote, ukaona kweli amekosa, bado pima. Mimi nilikuwa na kosa. Lilistahili onyo, pengine onyo kali, na ningelipokea. Halikustahili kuitwa muuaji. Muulize kabla ya kutoa adhabu, ana la kusema juu ya miaka aliyofanya kazi? Halafu amua, uandike sababu zako, na umwambie waziwazi akate rufaa wapi na mwisho ni lini. Usimwache akae nyumbani kama mimi, muda unapita juu ya kichwa chake.

Na kama ni mwizi, na imedhihirika, mtoe. Sikufundishi kuwalea waharibifu. Ukimtoa baada ya kumsikiliza utalala, naye hatakuwa na la kukudai mbele ya watu wala mbele ya Mungu. Siku hizi naona vijana mnawaachisha watu kazi kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, kisha mnazuia namba zao zisiingie. Mimi walau nilipewa mkono begani.

Usidhani haya ni ya serikali na mahakama peke yake. Mola wetu anajua siri ya kila kifua, hahitaji shahidi wala maelezo ya mtu. Na bado tunaamini kwamba siku ya hesabu atamsimamisha kila mja, atamuuliza, na atamwacha ajibu. Yeye ajuaye yote anauliza. Wewe na mimi, tusiojua hata kilicho chini ya turubai, tunaharakia nini?

Mwenyezi Mungu akupe sikio refu na ulimi mzito. Akuepushe na hukumu ya kusikia upande mmoja. Awape walio chini yako riziki ya halali mikononi mwako, na siku utakapolazimika kumtoa mmoja wao, atoke akiwa na jina lake kamili, aliloingia nalo. Amin.